Dakika Kumi Nyuma ya Kiti: Maisha ya Ragna Hellesvik, Mwongoza Ndege wa Skarvholm

Jambo la kwanza nililoligundua kwa bibi yetu Ragna, nikiwa na umri wa miaka mitano, ni kwamba aliitazama meza tupu kabla ya kuweka sufuria juu yake. Hakuitupia jicho tu kama watu wengine. Alisimama na sufuria ya viazi ikifuka mvuke, akaanzia upande wa dirisha, akapeleka macho polepole hadi upande wa mlango, ndipo akaiteremsha. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, unatafuta nini?" Akasema, "Sitafuti kitu. Nahakikisha hakuna." Nikamuuliza hakuna nini. Akanijibu kwamba hilo ni swali zuri, na kwamba nile viazi kwanza.

Ndugu wapendwa, majirani, na ninyi mliovuka kwa feri ya asubuhi, familia imenikabidhi mimi Sunniva, mjukuu wake wa kwanza, kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Nimewauliza wengi kati yenu maswali mengi wiki hii, na wengine mmeniuliza kama huko chuo kikuu nilisomea upelelezi. Nawashukuru kwa uvumilivu. Katika habari hizi mtamsikia pia binti Jorid Varsi, aliyeketi safu ya tatu upande wa kushoto. Yeye si wa damu yetu, lakini miezi mitatu ya mwisho ya uhai wa bibi ilishikwa na swali moja tu: je, Jorid atapata leseni ya kukaa kwenye kiti cha mnara wetu, au atafungasha mizigo arudi kwao Finnmark?

Marehemu Ragna Hellesvik alizaliwa tarehe 3 Novemba 1949 katika kisiwa cha Vega, akiwa mtoto wa pili wa Peder na Petra Floan. Baba yake alikuwa na duka dogo la vyakula na kamba. Mama yake alitunza bata wa baharini: kila masika aliwaandalia vijumba vya mawe na mbao ili waje kutaga, na walipokwisha kuondoka na vifaranga vyao alikusanya manyoya laini waliyoyaacha, ya kujazia mafarishi. Bata hao wakisikia kelele huhama na hawarudi tena. Kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Juni hakuna mtu pale nyumbani aliyepaza sauti, aliyegonga mlango, wala aliyekung'uta zulia nje. Dada yake, bibi Oddny, anakumbuka kwamba hata ugomvi ulikuwa wa kunong'ona. "Tulikuwa tunavutana nywele," ameniambia, "huku tunasema taratibu kama tuko kanisani: nirudishie kitana changu, mwizi mkubwa we!" Watu waliomsikia Ragna redioni miaka mingi baadaye walidhani sauti ile ya chini alifundishwa chuoni. La, alitoka nayo kwao.

Alisoma shule ya msingi hapo Vega kuanzia mwaka 1957, akamalizia shule ya kati Brønnøysund mwaka 1967. Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye chumba cha kuunganishia simu cha mji huo. Alikaa mbele ya ubao wenye nyaya, akisikiliza nani anamtaka nani, na kukumbuka ni nani aliyeachwa akingoja. Mwaka 1971 mitambo ikaanza kujiunganisha yenyewe, na wasichana wote sita wakaambiwa watafute kazi nyingine. Wenzake watano walikwenda benki na posta. Ragna aliona tangazo gazetini kwamba wanatakiwa wanafunzi wa kuongoza ndege. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Alituma maombi, kwa maneno yake mwenyewe, "ili nijue ni kazi gani hiyo."

Mafunzo yalianza Januari 1972 karibu na Oslo, na yalichukua miezi kumi na sita. Siku hizo hapakuwa na mashine za mazoezi zenye picha. Palikuwa na meza kubwa kama ya kuchezea biliadi, iliyochorwa uwanja, na wanafunzi walisukuma ndege za mbao juu yake kwa vijiti huku mwenzao mmoja, aliyeketi kwenye jukwaa, akiziongoza. Mwalimu wao alikuwa na kawaida ya kuangusha sinia la vijiko nyuma ya mwanafunzi katikati ya zoezi. Sauti ya mwanafunzi ikipanda hata kidogo, zoezi linaanza upya. Neno moja lilipigwa marufuku kabisa mle ndani, nalo ni "nadhani". Bibi alilitamka mara moja, wiki ya pili.

"Binti Floan, ndege yako iko wapi?"

"Nadhani iko juu ya kanisa, mwalimu."

"Haya. Anayedhani ashuke akaione. Sisi wengine tutamngoja."

Akashuka, akazunguka meza yote mbele ya wanafunzi kumi na tano, wavulana watupu, akainama na kuitazama ndege ya mbao. Ilikuwa juu ya kanisa kweli. Akarudi kwenye kiti, akasema, "Iko juu ya kanisa." Hakulisema neno lile tena, hata nyumbani. Ukimuuliza kama mvua itanyesha alikwenda dirishani.

Niliwahi kudhani kwamba mtu akimaliza chuo anapewa mnara. Sivyo. Cheti cha chuo kinakupa haki ya kuanza kujifunza tu. Kila mnara husomwa upya: milima yake, upepo wake, mahali ukungu unapoingilia. Mwanafunzi hukaa kwenye kiti na kuzungumza na marubani wa kweli, na mwalimu hukaa nyuma yake akisikiliza yote, akiwa na kitufe kinachokata sauti ya mwanafunzi ili aseme yeye. Ragna alifika hapa kisiwani Skarvholm tarehe 21 Mei 1973, akafuzu kukaa peke yake Novemba ya mwaka huo. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika mnara wetu. Baadaye naye akawa mwalimu wa vijana kumi na wanne. Bwana Eilif Brattli, aliyekuwa mmoja wao, anasema mwalimu wake alikuwa akikalia mikono yake mwenyewe, kiganja chini ya paja, ili asikibonyeze kitufe mapema. Nilimuuliza bibi sababu. Akasema, "Kusema ni rahisi, mwanangu. Kazi ni kuliona kosa linakuja, na unyamaze mpaka ujue kama mwenyewe ameliona."

Ndoa yake ilianza kwa sauti. Kila baada ya saa tatu, mpima hali ya hewa wa upande wa magharibi wa kisiwa alipiga simu mnarani kutoa kimo cha mawingu na kasi ya upepo, ambayo wao huipima kwa noti. Jina lake lilikuwa Arnfinn Hellesvik. Walizungumza hivyo miezi saba bila kuonana, kwa sababu zamu zao hazikuachana kamwe: akiwa kazini mmoja, na mwingine yuko kazini. Walipokwisha kuonana, kwenye ngoma ya jumuiya, kila mmoja alimshangaa mwenzake kwa urefu. Mwezi Machi 1975 Arnfinn akapiga simu kama kawaida. "Upepo kusini-magharibi, noti ishirini na mbili. Mawingu futi mia sita. Na je, utakubali nikuoe?" Sheria ya mnara ni kwamba kila ujumbe hurudiwa neno kwa neno ili aliyeutoa ahakikishe umefika. Basi Ragna akarudia, "Upepo kusini-magharibi, noti ishirini na mbili. Mawingu futi mia sita. Nitakubali unioe." Arnfinn akasema, "Sahihi," akakata simu. Walifunga ndoa tarehe 28 Juni 1975 katika kanisa hili. Walijaliwa watoto wawili: Steinar, ambaye ni baba yangu, mwaka 1976, na shangazi Turid mwaka 1979.

Sasa nafika kwenye siku ambayo sisi jamaa hatukuijua mpaka Desemba iliyopita. Nimeomba ruhusa ya baba na shangazi kuisoma hapa, na wamesema isomwe yote.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1986. Theluji ilikuwa inaanguka kwa vipindi. Bibi alikuwa na zamu ya asubuhi inayoisha saa nane mchana, na saa nane na nusu baba yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa na mashindano ya watoto ya kuteleza kwenye theluji kule nyuma ya shule. Bibi alikuwa amemuahidi kusimama kwenye mstari wa mwisho.

Mnarani kuna ubao wenye karatasi nyembamba, moja kwa kila ndege. Chombo chochote kikiingia kwenye njia ya kurukia, mwongoza ndege huweka mbele ya ubao karatasi nyekundu. Nyekundu ikiwapo, hakuna ndege inayoruhusiwa kutua. Ikiondolewa, njia ni nyeupe. Siku hiyo marehemu Hallvard Moen alifagia theluji njiani kwa mashine yake, akatoka, na bibi akaondoa nyekundu. Dakika chache kabla ya saa nane Hallvard akaita tena redioni.

"Dada Ragna, nimeangusha kipande cha brashi kule magharibi. Nipe nusu dakika nikakiokote, kisije kikatoboa tairi la mtu."

"Chukua nusu dakika, Hallvard."

Hakuirudisha nyekundu. Simu ikalia, akaijibu. Eilif akapanda ngazi na sahani ya skonzi za krimu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili ya kabla ya Kwaresima, akaja kupokea zamu. Bibi akamsomea ubao wote: upepo, taa moja isiyowaka mashariki, ndege kutoka Bodø yenye watu thelathini na saba iliyobakiza dakika saba kutua. Eilif akarudia yote bila kukosea. Alirudia kila alichoambiwa. Bibi akavaa koti akashuka.

Mnara wetu una ngazi sitini na mbili, na katikati pana kidirisha. Alipofika pale alitazama nje, akaona taa ya rangi ya chungwa inazunguka ndani ya theluji. Mashine ya Hallvard ilikuwa imezimika katikati ya njia. Eilif anasema alisikia hatua zinapanda mbili mbili, kisha sauti ileile ya chini mlangoni: "Hallvard yumo njiani. Ipandishe." Eilif akamwambia rubani apandishe ndege na kuzunguka tena. Rubani akajibu, "Napandisha," akapanda. Hallvard alisimulia hadi kufa kwake kwamba aliliona tumbo la ndege akaanza kuhesabu misumari. "Dada," alimwambia bibi jioni ile, "nusu dakika yako ni ndefu kuliko ndoa yangu ya kwanza."

Ndege ilitua salama baada ya dakika kumi na nne. Abiria waliambiwa ni theluji. Rubani mwenyewe aliamini ni theluji. Mnarani wakabaki wawili, na mazungumzo yao bwana Eilif amenisimulia hivi.

"Dada, sikiliza. Theluji ilizidi, nikaizungusha. Basi. Nenda kwenye mashindano ya mtoto."

"Theluji gani ina taa ya chungwa?"

"Nani ameiona zaidi yangu mimi na wewe?"

"Hallvard."

"Hallvard ataandika nini? Yule hata jina lake analiandika kwa shida."

"Eilif, nipe fomu."

"Watakutoa kwenye kiti."

"Najua. Nipe fomu, na ule skonzi yako."

Aliandika hadi saa kumi. Nimeisoma fomu hiyo. Sentensi mbili nimezikariri: "Sikuweka nyekundu kwa sababu niliona nusu dakika ni ndogo kuliko kazi ya kunyanyua karatasi. Sikumweleza mwenzangu kwa sababu akili yangu ilikuwa imeshavaa koti." Alitolewa kwenye kiti wiki tisa, akatahiniwa upya kama mwanafunzi, akarudi kazini tarehe 14 Aprili. Baba yangu alishika nafasi ya kumi na saba katika mashindano yale, na mama yake alifika wakati bendera zimeshang'olewa. Hakumwambia kwa nini. Arnfinn pekee aliambiwa.

Tangu aliporudi, bibi alianza desturi ambayo haimo katika kitabu chochote. Akimaliza kukabidhi zamu hakushuka. Alijimiminia kahawa, akasimama nyuma ya kiti cha aliyempokea, bila kuzungumza, kwa dakika kumi kamili, akipitisha macho kwenye ubao na kwenye njia kutoka mwisho hadi mwisho. Alisema mtu hukumbuka alichosahau pale tu anapoacha kukishika. Eilif naye akafanya hivyo, kisha wengine. Wageni waliofika mnarani walidhani ni ukarimu wa kisiwani. Hadi leo wanaiita kahawa ya kusimama, na wengi wanaoinywa hawakujua ilikotoka.

Bibi alistaafu tarehe 30 Novemba 2009, akiwa na miaka sitini, kama kazi ile inavyotaka. Babu Arnfinn alifariki tarehe 12 Mei 2015. Nyumba ikawa kubwa, na chumba cha chini kikakaa kitupu hadi Agosti 2022, alipokuja kukipanga mwanafunzi mpya wa mnara, Jorid, mwenye miaka ishirini na minne. Bibi alimuuliza maswali mawili tu: kama anakula samaki, na kama anapika kahawa kali.

Nilikuja likizo ya Krismasi mwaka huo nikakuta jiko limegeuka uwanja. Ubao wa mkate ulikuwa njia ya kurukia, vijiko vilikuwa ndege, kiberiti kilikuwa mashine ya theluji. Bibi alisimama jikoni akigeuza kababu za samaki, ameipa meza mgongo, akiigiza marubani wote.

"Skarvholm, habari za asubuhi, ni mimi daktari wa meno na kindege changu. Nimepotea kidogo."

"Unaona nini chini yako?" Jorid akauliza.

"Maji."

"Maji ya upande gani?"

"Ya upande wa chini, binti! Ulitaka yawe juu?"

Jorid akaangua kicheko. Papo hapo ikaja sauti nyingine, kavu na ya haraka: helikopta ya wagonjwa, mama mjamzito ndani, inataka kutua sasa hivi. Kisha mashine ya theluji ikaomba kuingia. Kisha sauti ya bibi mwenyewe, bila kugeuka: "Ukicheka, daktari anagonga mlima. Haya, endelea." Daktari wetu wa meno yupo hapa kanisani, na amesema amesamehe.

Jorid alikuwa mzuri ila aliogopa. Mkataba wake ulimpa mtihani mmoja wa kufuzu. Ukishindwa, mkuu wa mnara anaweza kukuongezea mwingine mmoja akitaka, na asipotaka, umekwisha. Mtihani ulipangwa Alhamisi tarehe 23 Novemba 2023. Wiki sita kabla, tarehe 10 Oktoba, bibi aliambiwa hospitalini Bodø kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba imeenea. Alimuuliza daktari maswali kwa saa nzima. Daktari alipomwomba radhi kwa habari mbaya, bibi alimwambia, "Umezitoa vizuri. Umenyoosha maneno." Akarudi nyumbani, na mazoezi ya jikoni yakaendelea, ila yeye akiwa amekaa.

Siku ya mtihani Jorid aliongoza ndege tisa na helikopta moja, na mtahini hakuwa na neno. Saa nane mchana akakabidhi zamu. Mtahini akafunga faili lake. Jorid akajimiminia kahawa, akasimama nyuma ya kiti kama alivyofundishwa. Dakika ya saba akakumbuka: mafundi wa umeme walikuwa wakingoja kando ya njia, naye alikuwa amewaahidi kwamba ndege ya Bodø ikishatua wataingia kubadilisha taa. Wakati wa kukabidhi hakuwa amelitaja hilo. Akasema, "Samahani, kuna jambo nimelisahau," akalisema. Mwenzake akamshukuru, akaliandika. Hapakuwa na ndege karibu. Mtahini akalifungua tena faili lake, akaandika: "Makabidhiano hayakukamilika. Hajafuzu."

Jorid alirudi nyumbani akashuka chini moja kwa moja, akavuta begi. Bibi alimfuata ngazi kwa ngazi, akishika ukuta.

"Unafanya nini, we binti?"

"Nafungasha, bibi. Nimejichongea mwenyewe. Ningenyamaza tu, mafundi wangeita redioni, na yule angejua. Lakini mdomo huu!"

"Dakika ya ngapi?"

"Nini?"

"Ulikumbuka dakika ya ngapi?"

"Ya saba."

"Mimi wakati huo nilikuwa kwenye ngazi," bibi akasema. Jorid hakumwelewa. Bibi akakaa juu ya begi ili lisifungwe. "Kwa sheria, mtahini yuko sahihi, usimtukane. Lakini nataka kujua jambo moja, na sitakufa kabla sijauliza: makabidhiano yanaisha lini? Faili linapofungwa, au mtu anaposhuka?"

Hilo ndilo swali aliloliandikia barua kwa mkuu wa mnara, bi Herdis Aune, tarehe 4 Desemba. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Nyuma yake aliambatisha nakala ya fomu yake ya mwaka 1986, na kabla ya kuituma alituita sote mezani akaisoma kwa sauti, kwa sababu hakutaka tuisikie kwa wengine. Alipomaliza, baba yangu aliivuta fomu akaitazama tarehe.

"Mama," akasema, "miaka thelathini na saba nimekukasirikia kwa ajili ya mashindano."

"Najua."

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa na miaka tisa. Ningekuambia nilikaribia kuua watu thelathini na saba?"

"Basi ungeniambia nikiwa na ishirini."

Bibi akafikiri. "Hilo nilipaswa kulisema," akajibu. "Nilifanya haraka kushuka." Baba akaondoka mezani, akarudi baada ya kitambo na kahawa mbili, moja yake na moja ya mama yake.

Jibu halikuja Desemba, wala Januari. Bibi alidhoofika. Kila siku posta ikifika alimtuma mtu aangalie, na kila siku alimlazimisha Jorid kufanya zoezi moja, hata alipokuwa hawezi tena kuigiza zaidi ya rubani mmoja. Tarehe 19 Februari bi Herdis alikuja mwenyewe kwa miguu, na barua mkononi. Jorid atapewa mtihani wa pili, na mtahini atakuwa yuleyule. Mtahini huyo alikuwa amesoma fomu ya mwaka 1986 na kuandika chini yake kwa kalamu: "Swali la haki. Safari hii sitafunga faili mpaka ashuke ngazi." Bibi aliomba asomewe tena sentensi hiyo. Kisha akairudia yeye, neno kwa neno, na bi Herdis akasema, "Sahihi."

Marehemu alitamani kuifikia siku hiyo ya mtihani, na alisema hivyo waziwazi. Hakufika. Alifariki nyumbani kwake Skarvholm, Alhamisi tarehe 29 Februari 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, baba na shangazi wakiwa kando yake. Asubuhi ile alikuwa ameuliza upepo unatoka wapi, na Jorid akaenda dirishani kabla ya kumjibu.

Ameacha dada yake, Oddny Floan, watoto wawili, Steinar na Turid, mkwewe Kjersti, wajukuu watatu, Sunniva, Vetle na Embla, na watu kumi na wanne aliowafundisha, pamoja na wa kumi na tano ambaye bado hajafuzu. Alale kwa utulivu katika ardhi ya kisiwa hiki, alichokitazama mwisho hadi mwisho kwa miaka thelathini na sita.

Mtihani wa Jorid ni Alhamisi ijayo, tarehe 14 Machi. Utaanza saa mbili asubuhi na zamu yake itaisha saa nane mchana. Utabiri ni theluji kutoka magharibi, na ratiba ina ndege kumi na moja. Familia itakaa jikoni kwa bibi tangu saa sita, simu ikiwa juu ya meza, na yeyote anayetaka kungoja pamoja nasi anakaribishwa.